Sakafu ya Mbao kwenye Chumba cha Chini: Mwongozo kwa Wenye Nyumba wa Makiso

Ukitaka kupiga sakafu ya mbao kwenye chumba kilichozama ardhini hapa Makiso, mjini Kisangani, weka pembeni kwanza maelekezo yaliyochapishwa kwenye paketi ya parke kutoka Ulaya. Hayana kosa, ila yaliandikiwa nyumba ya nchi ya baridi, ambako hewa ya ndani hukauka kwa sababu ya mitambo ya kupasha joto, na parke hukaushwa kiwandani hadi unyevu wa asilimia 7 hadi 11 ili ilingane na hewa hiyo. Kisangani ni mji mwingine kabisa. Tuko kama kilomita 57 tu kaskazini mwa Ikweta, mvua ya mwaka inapita milimita 1,700, hakuna mwezi unaokwisha bila mvua, na unyevu wa hewa kwa wastani unazidi asilimia 80. Ubao ulioachwa kivulini hapa hutulia kwenye asilimia 15 hadi 17, hata ukiungoja miaka kumi. Leta parke ya asilimia 8, ibane ukuta kwa ukuta: itakunywa hewa ya Kisangani, itavimba, na kwa kuwa haina pa kwenda, itainuka katikati ya chumba.

Hapo ndipo mafundi wengi hukwama. Unyevu unaotusumbua ni wa aina mbili, na dawa ya mmoja haimtibu mwenzake. Ule unaotoka ardhini unazuilika, na ni lazima uuzuie wote. Ule wa hewani hauzuiliki, kwa hiyo ubao ndio unaoandaliwa ili uweze kuishi nao. Kuna anayetandika plastiki nzuri kisha akapigilia mbao zilizotoka msituni mwezi uliopita. Kuna pia anayekausha mbao kwa subira kubwa kisha akazilaza juu ya zege linalotoa jasho. Wote wawili hubomoa.

Chumba na maji ya nje

Vyumba vya chini si vingi mjini kwetu. Nyumba nyingi za zamani, za enzi mji ulipoitwa Stanleyville, ziliinuliwa: ngazi tatu nne mbele, baraza, na uwazi chini ya sakafu ili hewa ipite. Chumba kilichozama utakikuta zaidi kwenye viwanja vya mteremko, ambako upande mmoja wa nyumba uko usawa wa bustani na upande wa pili umeegemea udongo, au chini ya duka la zamani kama ghala, au kwenye gereji ambayo familia sasa inataka kuigeuza ofisi au chumba cha watoto kusomea.

Mahali chumba kilipo panabadilisha hesabu yote. Aliye Plateau Médical au Plateau Boyoma ana ardhi ya juu. Maji anayopambana nayo ni ya mvua. Aliye upande wa chini, jirani na Kanisa Kuu la Notre-Dame du Rosaire, ana mto wa kuhesabu pia, kwa sababu Kongo ukijaa kuelekea mwisho wa mwaka, maji yaliyomo ndani ya udongo nayo hupanda. Januari 2024 mto huo ulifika, kule Kinshasa, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana tangu 1961. Kwa hiyo mpangaji wa miaka mitatu akikuambia kwamba hapa hapajawahi kuingia maji, mshukuru, kisha umtafute mzee aliyezaliwa mtaa huo na umwombe akuonyeshe kwa mkono maji yaliishia wapi.

Halafu kagua kuta. Mstari wa rangi ya chai unaozunguka chumba kwa kimo kimoja ni alama ya maji yaliyowahi kusimama ndani. Chumvi nyeupe inayochomoza kama unga juu ya lipu inaonyesha maji yanapita ukutani hata sasa. Lipu inayotoa sauti ya uwazi ukiigonga imeachana na tofali, na nyuma yake mna unyevu. Kama nyumba ilipigwa katika Vita vya Siku Sita vya Juni 2000, chunguza kwa makini zaidi sehemu zilizokarabatiwa, maana lipu mpya na rangi nzuri vinaweza kufunika ufa unaoendelea hadi kwenye msingi.

Ukiona kwamba maji yenyewe, yanayotiririka, huingia chumbani, hata kama ni mara moja tu kwa mwaka, usiweke mbao. Weka karo, weka vitanda na makabati juu ya miguu mirefu, na pesa ya mbao itumie kwenye chumba cha juu. Hili nalisema bila kupunguza neno. Hata Marekani, ambako vyumba vya chini ni jambo la kawaida, mwongozo wa chama cha wafanyabiashara wa sakafu za mbao, National Wood Flooring Association, hauruhusu mbao ngumu nzima chini ya usawa wa ardhi. Unaruhusu ile parke ya tabaka tu. Nitaeleza njia ya kutumia mbao nzima kwa usalama, lakini njia hiyo ni ya chumba kinachopata mvuke, si ya chumba kinachopata mafuriko.

Kabla ya kununua hata ubao mmoja, toka nje mvua ikiwa inanyesha, utazame maji yanavyokwenda. Paa la mita za mraba 100 likipokea mvua ya milimita 50, hayo ni maji ya lita 5,000, yaani mapipa 25 ya lita 200. Bila mifereji ya paa, mapipa hayo yote yanaangukia mguuni pa ukuta ule ule uliozama. Ni kazi ya bati na bomba tu, na ndiyo inayoleta faida kubwa kuliko nyingine zote katika mwongozo huu. Weka mifereji kwenye kingo zote za paa, na maji yapelekwe kwa bomba angalau mita tatu kutoka ukutani. Udongo unaozunguka nyumba uujaze na kuushindilia mpaka ushuke kama sentimita 5 kwa kila mita, kwa umbali wa mita mbili au zaidi. Migomba na bustani ya maua iliyobanana na ukuta ihamishwe, kwa kuwa udongo uliolimwa hunywa maji na kuyashusha moja kwa moja kwenye msingi.

Ikiwa mteremko unaleta maji kutoka kwa jirani wa juu, chimba mtaro upande huo, nje, wenye kina kinachopita kidogo usawa wa sakafu ya ndani lakini kisichopita chini ya msingi. Uchimbe kwa vipande vya mita moja na nusu au mbili, huku ukifukia kimoja kabla ya kufungua kingine, kwa sababu ukuta wa zamani uliofunuliwa wote kwa siku moja wakati wa mvua unaweza kuanguka. Ukiwa umeufunua, usugue, uuzibe nyufa kwa saruji, uupake lami mikono miwili, kisha mtaroni weka kokoto na bomba lenye matundu linaloshuka hadi mahali maji yanapoweza kutoka. Rangi ya kuzuia maji inayopakwa kwa ndani haiwezi kuchukua nafasi ya kazi hii. Maji yanayosukuma kutoka nje huifanya ivimbe na kubanduka.

Kipimo cha plastiki

Kazi ya nje ikishakamilika na mvua kadhaa zikapita, pima zege. Chukua plastiki nene yenye kuonekana upande wa pili, ukate vipande vitatu vya mita moja kwa mita moja. Kimoja kilaze kwenye pembe iliyo karibu na ukuta uliozama, kimoja katikati, kimoja karibu na mlango. Bandika kingo zote kwa utepe mpana, hewa isipite, uviache siku mbili. Fanya hivi mwezi wa Oktoba au Novemba, wakati ardhi imeshiba. Kipimo cha Januari au Februari, mvua zinapopungua, kinaweza kukudanganya.

Ukikuta matone chini ya plastiki, au zege limegeuka jeusi pale lilipofunikwa, unyevu unapanda kutoka ardhini. Ukikuta matone juu ya plastiki na chini pakavu, hewa ya chumba ndiyo inayolowanisha, na tatizo lako ni la hewa. Mara nyingi utakuta yote mawili.

Zege la zamani lililomwagwa moja kwa moja juu ya udongo bila plastiki chini yake halikauki hata likikaa nusu karne, kwa sababu udongo unalinywesha kila siku. Kwa hiyo usingoje likauke, lifunike. Safisha, sawazisha mashimo kwa saruji, pakaza lami ya majimaji mikono miwili, ikikauka tandika plastiki yenye unene wa mikroni 200 au zaidi. Vipande vya plastiki vipandane sentimita 20 na kubandikwa kwa utepe, na kingo zake zipande ukutani sentimita 10. Zitafichwa baadaye na plinti. Kila shimo la msumari ni mlango wa mvuke, basi waambie vijana wa kazi wavue viatu wakiwa juu ya plastiki.

Zege jipya lina hesabu yake. Kanuni ya mafundi wa Ulaya ni wiki moja kwa kila sentimita katika sentimita 4 za kwanza, kisha wiki mbili kwa kila sentimita inayofuata. Zege la sentimita 10 kwa hesabu hiyo linataka wiki 16. Kwa hewa yetu nisingelifunika kabla ya miezi sita.

Ubao gani

Hapa ndipo mwenye nyumba wa Kisangani ana bahati ambayo mtu wa Brussels hana. Mbao anazozisubiri huyo kwa meli zinaingia mjini kwetu kwa lori kutoka barabara za Ituri, Buta na Ubundu, na nyingine hupita tu, zikielekea Uganda na Kenya. Tatizo ni kwamba wingi huu hutufanya tununue haraka, kwa rangi, bila kuuliza ubao unavyoishi ukishawekwa.

Chaguo langu ni kambala, ule mti ambao Waswahili wa mashariki huuita mvule na wafanyabiashara huuita iroko. Kiini chake kinastahimili mchwa na ukungu, na zaidi ya hayo, hautembei sana: ukinywa au kutoa unyevu, upana wake hubadilika kidogo. Afrormosia inafanana nao kwa utulivu na ni nzuri kwa macho, lakini ina mambo mawili. Kwanza, ikikutana na chuma mahali penye unyevu hutoa madoa meusi ya bluu ambayo hayasuguliki, kwa hiyo misumari ya kawaida haifai kabisa. Pili, ni mti uliomo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES tangu 1992, unaota kwa shida chini ya kivuli cha msitu, na nadhani chumba cha chini si sababu ya kutosha ya kuuangusha. Sapelli ina nyuzi zinazong'aa vizuri, ila hutembea zaidi na mchwa huiweza. Limbali, ambayo watu wa Ituri huiita mbau, ni ngumu na nzito mpaka unadhani itashinda kila kitu. Hata hivyo hupinda na kupasuka inapokauka, na kwenye sakafu nyembamba itakupa taabu.

Chochote utakachochagua, muulize muuzaji kibali cha ukataji. Sheria namba 011/2002 ya 29 Agosti 2002, yaani Kanuni ya Misitu, inataka hata mkataji mdogo wa msumeno wa injini awe na kibali. Ukiomba karatasi hiyo unajilinda wewe, na unamsaidia anayefuata sheria asishindwe bei na asiyefuata.

Sasa tazama ubao mmoja mmoja. Sehemu nyeupe ya pembeni, ile iliyokuwa chini ya ganda, ikatwe yote bila kuionea huruma. Haina kinga hata kidogo, na huo ndio mlango wa mchwa na wadudu watoboa mbao, hata kwa mti mgumu kama kambala. Kisha geuza ubao utazame kichwa chake. Mistari ikisimama wima kutoka uso mmoja hadi mwingine, ubao huo utatembea karibu nusu ya ule ambao mistari yake imelala. Chagua iliyosimama kadiri unavyoweza, na kubali kulipa zaidi kidogo. Upana wa sentimita 8 hadi 9 na unene wa milimita 22 unatosha. Ubao wa sentimita 20 unapendeza dukani, lakini ukijikunja utaufanya mguu ujikwae.

Kukausha na kupima

Mbao za msumeno wa injini hufika zikiwa mbichi. Zipange chini ya paa, pande zote wazi, sentimita 40 juu ya ardhi. Kati ya safu na safu weka vibao vidogo vya unene wa sentimita 2.5, kila baada ya sentimita 50, na vyote vipangane mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Kikipishana kimoja, ubao ulio juu yake utapinda hapo hapo. Vichwa vya mbao vipake rangi nzito ya mabaki, visikauke haraka kuliko tumbo na kupasuka. Juu ya rundo weka mawe. Kwa unene wa milimita 25, hesabu miezi mitatu hadi minne. Baadaye ziingize kwenye chumba zitakamolala, bado zikiwa na vibao kati yake, kwa wiki tatu au nne nyingine.

Usimwamini anayekuambia ubao umekauka kwa kuushika au kwa kuupima sauti. Mashine ya kupima ipo, na ukiweza kuiazima ni vizuri. Hata bila hiyo, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja na oveni vitakupa jibu la uhakika zaidi. Kata kipande cha urefu wa sentimita 15 kutoka katikati ya ubao, si mwishoni, ukipime mara moja. Tuseme kina gramu 208. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103, ukitoe kila baada ya saa kadhaa ukipime, mpaka vipimo viwili vifuatane bila kushuka. Kwa ukubwa huo inaweza kuchukua siku moja hadi mbili. SNEL wakikata umeme katikati hakuna kilichoharibika, ukirudi, endelea. Tuseme kimeishia gramu 178. Maji yaliyotoka ni gramu 30. Gawa 30 kwa 178, utapata asilimia 17 kasoro kidogo. Kwa chumba cha Makiso kisicho na kiyoyozi, lengo ni asilimia 14 hadi 16, kwa hiyo ubao huu usubiri kidogo. Pima vipande vitatu vya mbao tofauti, kimoja kikiwa cha katikati ya rundo. Na kipande hicho kilichokaushwa usikitupe. Kiandike uzito wake mkavu kwa kalamu ya wino usiofutika, kitahitajika tena.

Kama chumba kitakuwa na kiyoyozi kinachofanya kazi kila siku, hewa yake itakuwa kavu zaidi na lengo hushuka hadi asilimia 11 hadi 13. Amua jambo hili kabla ya kukausha. Kiyoyozi kinachonunuliwa mwaka mmoja baada ya sakafu hufungua nafasi kati ya kila ubao na mwenzake.

Kulaza

Kuna njia ya gundi, ambayo mbao hubandikwa moja kwa moja juu ya zege. Siipendi kwa chumba kilichozama hapa kwetu. Gundi nyeupe ya seremala huachia ikipata unyevu, ile ya poliyurethani ni ghali, na mchwa wakiingia chini huwezi kuona chochote mpaka mguu uzame. Ninachopendekeza ni sakafu iliyoinuliwa, yenye hewa chini yake, iliyofungwa kwa skrubu kutoka juu ili ubao wowote uweze kufunguliwa kwa dakika mbili.

Juu ya plastiki weka vipande vya raba ngumu au vya karo, na juu yake boriti ndogo za kambala za sentimita 4 kwa 6, zilale kwa upana wake, zikiachana sentimita 40 kutoka kati hadi kati. Usizitoboe hadi kwenye zege. Ziunganishe zenyewe kwa zenyewe kwa vipande vya kukatiza, ziwe fremu moja inayojishikilia kwa uzito wake. Fremu iishie sentimita 2 kabla ya kuta zote. Kabla ya kuanza, jumlisha kimo: raba, boriti na ubao ni karibu sentimita 7, na katika chumba cha dari fupi sentimita 7 ni nyingi. Mlango nao utahitaji kukatwa.

Mbao zipakwe vanishi pande zote mbili na vichwani kabla ya kulazwa, maana ubao uliopakwa juu tu hunywa kwa chini na kujikunja. Kambala huchelewesha baadhi ya vanishi kukauka, basi jaribu kwanza kwenye kipande cha ziada siku tatu kabla hujapaka zote. Ukiipiga randa au msasa, funika pua na mdomo. Vumbi lake huwasha mapafu na ngozi.

Sasa hesabu ya nafasi, ambayo ndiyo inayookoa sakafu. Kwa mti tulivu kama kambala, chukua kwamba upana hubadilika kama asilimia 0.2 kwa kila asilimia moja ya unyevu. Sakafu yenye upana wa mita 4, ikipanda kutoka asilimia 14 hadi 17, itajiongeza milimita 24. Hizo lazima zipate pa kwenda. Acha milimita 15 kando ya kila ukuta, na kati ya ubao na ubao acha unene wa kadi ya benki, ambao ni kama robo tatu ya milimita. Ingiza kadi yenyewe wakati wa kufunga, kisha uichomoe. Nafasi za ubao kwa ubao pia zinapitisha hewa. Mafundi wengi watakushawishi uzibane zipendeze. Kataa kwa upole, na usimame hapo chumbani wakati wa kufunga.

Skrubu ziwe za shaba au inoksi, mbili kila boriti, na tundu litobolewe kwanza. Plinti zifungwe ukutani, kamwe zisifungwe kwenye sakafu, na ziinuliwe milimita chache ili hewa ya chini itoke. Kwenye kuta mbili zinazotazamana, pale juu palipo wazi, weka matundu ya hewa yenye wavu wa mbu.

Hewa ya chumba

Katika nchi za baridi watu huonywa wasifungue madirisha ya chumba cha chini wakati wa joto, kwa kuwa hewa yenye maji hukutana na kuta baridi na kutoa matone. Kwetu ardhi yenyewe ina joto la karibu nyuzi 25, sawa na wastani wa hewa, kwa hiyo hatari hiyo ni ndogo mpaka wewe mwenyewe uiumbe kwa kiyoyozi. Hewa ya Kisangani huanza kutoa matone kwenye kitu chochote chenye nyuzi 22 au chini yake. Weka kiyoyozi kwenye 18 mchana kutwa, umeme ukatike, mtu afungue mlango: sakafu na kuta zitatoa jasho mbele ya macho yako. Kama unakihitaji, kiweke kwenye 25 au 26, kikaushe hewa bila kuipoza sana.

Bila kiyoyozi, saa ndiyo dawa. Hewa ya hapa ina unyevu mwingi zaidi usiku na alfajiri, na hupungua mchana. Fungua madirisha kuanzia saa sita hadi saa kumi, siku isiyo na mvua, na ufunge kabla ya magharibi. Desturi ya kufungua asubuhi mapema ili nyumba ipumue huingiza hewa ile yenye maji kuliko zote za siku.

Waelimishe pia wote wanaosafisha. Kumwaga ndoo ya maji na kuyasukuma hadi mlangoni ni kwa karo. Sakafu hii hufagiwa, kisha hupanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Usitandike balatum juu ya mbao, hata ile nzuri ya sebuleni, maana inafunga mvuke na ukungu utaota chini yake ndani ya majuma. Kabati kubwa lisibanwe na ukuta uliozama. Liache upana wa mkono.

Mara mbili kwa mwaka, Aprili na Novemba, fungua ubao mmoja kwenye pembe iliyo karibu na ukuta uliozama, umulike kwa tochi. Mstari mwembamba wa tope unaopanda kutoka zegeni hadi kwenye boriti ni njia ya mchwa. Ifuate hadi inapotokea kabla ya kuivunja, kisha shughulikia chanzo chake nje. Harufu ya uyoga inataka upanue matundu ya hewa. Na hapo chini, tangu siku ya kwanza, uwe umekiacha kile kipande chenye uzito mkavu wa gramu 178. Kinakunywa hewa ile ile inayonywewa na sakafu yako, kwa hiyo kipime. Gramu 205 ni asilimia 15, mambo ni mazuri. Kikifika gramu 214, sakafu imefika asilimia 20 na ukungu unaozesha mbao unakaribishwa: fungua mbao za safu nzima kando ya ukuta huo, ziegemeze sehemu yenye hewa, kisha uchukue ngazi ukakague mifereji ya paa upande ule ule kabla hujagusa kitu kingine chumbani.